"Diski Imepinda": Maoni juu ya Istilahi Moja ya Breki

Istilahi za ofisini na za darasani zina bahati. Huletwa mbele ya Baraza, hujadiliwa na wataalamu, husanifiwa, na hatimaye huchapishwa katika orodha za Tafsiri Sanifu ili kila mwenye haja azitumie. Istilahi za gereji hazina subira hiyo. Fundi hulihitaji neno asubuhi, naye hulichukua popote alionapo. Kufikia jioni neno hilo limekwisha kushika mizizi, na mwaka ukigeuka hapana mtu awezaye kuling'oa. Hatusemi hivi kwa kuwalaumu mafundi. Mengi ya maneno yao ni mazuri kuliko yale tuyatungayo sisi mezani. Hata hivyo, lipo moja ambalo kwa maoni yetu linawagharimu watu fedha nyingi na pengine hata roho zao, nalo ni hili lisemwalo kila siku: "diski imepinda".

Tulilisikia mara ya mwisho mjini Same, katika gereji moja iliyo kando ya barabara kuu iendayo Moshi. Mji huo umekaa mahali pafaapo sana kwa uchunguzi wa maneno ya breki. Upande wa magharibi barabara kuu inapita chini ya milima, kutoka Hedaru na Makanya hadi Same na Mwanga, na upande wa mashariki ipo ile iendayo Kisiwani na Gonja. Na kutoka barabara hizo zinachomoza njia zinazopanda Vudee, Chome, Mbaga na Mamba. Mlima Shengena, ulio mrefu kuliko yote ya Upare, una kimo cha mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hulimwa tangawizi, na tangawizi haina budi kuteremshwa. Basi kila gari lishukalo na mzigo hufanya mtihani wa breki, na majibu ya mtihani huo hutolewa katika gereji za mjini.

Gari tulilolikuta lilikuwa pikapu ivutayo tela. Mwenyewe alilalamika kwamba akikanyaga breki usukani hutetemeka na pedali humsukuma mguu. Fundi hakuona haja ya kulifungua. "Diski imepinda, mzee," alisema, "ni kununua nyingine tu." Mwenye gari akajibu kwa huzuni kwamba ameshanunua nyingine mara mbili, na kila mara ugonjwa hurudi baada ya miezi michache. Tukaomba diski ivuliwe. Tukailaza rula ya chuma juu ya uso wake, huku na huku, tusione mwanga ukipita chini. Haikupinda. Alipopatikana mchonga vyuma mwenye maikromita, tuliupima unene wake mahali panane kuzunguka duara, na hapo ndipo tofauti ilipojitokeza: upande mmoja ulikuwa mnene kuliko mwingine kwa kiasi kisichofikia unene wa unywele. Fundi alitutazama kama watu waliokwenda kuwinda tembo wakarudi na panzi.

Lakini panzi huyo ndiye mla shamba. Pedi hubanwa juu ya diski kwa nguvu ya mafuta ya breki, na tofauti ya unene ya mikroni 15 au 20, yaani kama sehemu mbili za mia moja za milimita, yatosha kuyasukuma mafuta hayo yarudi nyuma kila diski inapozunguka, na dereva huyahisi mapigo yake katika unyayo. Tofauti hiyo hupatikana kwa njia mbili kubwa, na hakuna hata moja iliyo kupinda.

Njia ya kwanza huanzia kwenye nati za gurudumu. Diski hukaa juu ya uso wa hubu. Ikiwa pana kutu au mchanga kati yao, au ikiwa nati moja imekazwa kwa bomba refu na nyingine kwa mkono mchovu, diski haizunguki wima, bali huyumba kidogo kama sinia lililowekwa juu ya kokoto. Watengenezaji wa magari wengi hawakubali kuyumba kuzidi kati ya milimita 0.05 na 0.1. Mwanzoni dereva hahisi kitu. Lakini kila mzunguko sehemu ile ile iliyojitokeza huigusa pedi, hata breki isipokanyagwa, na baada ya maelfu ya kilomita sehemu hiyo huliwa ikawa nyembamba kuliko nyingine. Ndiyo sababu yule mwenye pikapu alinunua diski mpya mara mbili akapata ugonjwa wa zamani: alibadili diski, lakini kutu ya hubu na bomba la kukazia nati vilibaki vile vile.

Njia ya pili ni ya joto. Breki ikifanya kazi vizuri, pedi huacha juu ya chuma utando mwembamba wa dutu yake, na utando huo ni sehemu ya kazi ya breki yenyewe. Diski ikipata joto kupita kiasi, kisha gari likasimama huku mguu umebaki juu ya pedali, pedi huacha alama yake mahali pamoja, kama pasi ya mkaa iliyosahauliwa juu ya kitambaa. Hapo utando huwa mabaka mabaka. Baka hushika kuliko sehemu nyingine, kwa hiyo hupata joto zaidi. Na joto likizidi nyuzi 650 au 700 za Selsiasi, chuma kilicho chini ya baka huanza kugeuka kuwa sementaiti, ambayo ni ngumu kuliko chuma kilichoizunguka. Diski ya namna hii ikipelekwa mashine ikachongwa hupona kwa muda tu, kwani ugumu umeingia ndani kuliko mahali kisu kilipofika.

Hayo si maneno yetu. Carroll Smith, mhandisi wa Marekani wa magari ya mashindano aliyefariki mwaka 2003, aliandika makala mashuhuri ambamo alisema kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajapata kuiona diski iliyopinda kwa kweli. Zile alizoletewa kwa jina hilo zilikuwa na dutu ya pedi iliyojibandika bila usawa. Wapo wahandisi wanaoona kwamba alikaza mno, kwani chuma chaweza kwenda upogo kikipata joto la ghafula na kupoa vibaya. Sisi hatuna haja ya kuamua ugomvi huo. Yatosha kwamba wote wanakubaliana juu ya jambo moja: kupinda ni nadra, na mtetemo ni wa kila siku.

Sasa turudi kwenye lugha. "Kupinda" halikuzaliwa Same wala Gerezani kule Dar es Salaam. Ni tafsiri ya neno la Kiingereza ambalo asili yake ni la maseremala, wakilitumia kwa ubao uliokauka vibaya ukaenda kombo. Waingereza na Wamarekani wenyewe walilichukua kutoka kwenye ubao wakalivika chuma, nao walikosea. Sisi tukalitafsiri kwa usahihi kabisa. Hili ni jambo ambalo halikumbukwi inavyostahili katika mijadala yetu ya istilahi. Twajiuliza kila mara kama tafsiri ni sahihi, kama inafuata sarufi, kama ina asili ya Kibantu au imekopwa. Ni mara chache tunapouliza kama lile neno la kigeni tulitafsirilo lilisema kweli hapo lilipotoka. Tafsiri yaweza kuwa aminifu na istilahi ikawa mbovu.

Ubovu wake ni kwamba neno hili halielezi dalili tu, bali hutoa na hukumu. Kitu kilichopinda, dawa yake ni kunyoshwa au kutupwa; basi mwenye gari akisikia "imepinda" huingiza mkono mfukoni. Wasomaji wanakumbuka jinsi kila homa ilivyokuwa ikiitwa malaria katika nchi yetu, mgonjwa akameza dawa ya malaria, na homa ya matumbo ikaendelea kumla, mpaka vipimo vya haraka vilipofika kwenye zahanati. Neno moja lilikuwa limeziba macho ya daktari na mgonjwa pamoja. Gereji zetu bado ziko katika hali hiyo.

Kwa gari la kawaida la mjini hasara ni ya fedha. Kwa gari livutalo, na hasa milimani, jambo ni zito zaidi. Hebu tupige hesabu. Pikapu yenye uzito wa tani 2 ikivuta tela la tani moja na nusu, kila iteremkapo mita 1,000 za kimo hapana budi ipoteze nguvu ya megajuli 34 hivi. Nguvu hiyo yatosha kuchemsha lita 100 za maji yaliyotoka mtungini. Bila tela ingekuwa kama lita 58. Ikiwa dereva hatumii injini kumsaidia, karibu joto lote hilo huingia katika diski na ngoma chache za chuma ambazo zingeenea ndani ya kikapu kimoja cha sokoni. Tusishangae basi diski zikipata mabaka.

Hapa pia neno tulitumialo lina kasoro yake. Twasema gari "linavuta" tela, nalo ni kweli wakati wa kupanda. Wakati wa kuteremka gari halivuti kitu. Tela ndilo linalolisukuma gari. Dereva aliyefunzwa kwamba kazi yake ni kuvuta hujiandaa kwa mlima wa kupanda, akapima nguvu ya injini yake, asipime breki. Vivyo hivyo kwa gari bovu linaloteremshwa kwa nondo au mnyororo kutoka Vudee: injini yake ikiwa imezimwa, breki zake hupoteza msaada wa injini na kuwa ngumu kama jiwe, na mzigo wote huangukia breki za gari lililo mbele. Sheria za nchi nyingi za Ulaya hutaka tela lenye uzito kamili unaozidi kilo 750 liwe na breki zake lenyewe. Hatupendekezi neno "kuvuta" libadilishwe, kwani hilo litakuwa upuuzi. Twasema tu kwamba vitabu vya mafunzo ya udereva viseme wazi: likipanda huvutwa, likishuka husukuma.

Kuna hatari nyingine ya maneno ambayo ni kubwa kuliko hiyo, nayo ni ya gia. Mzee mmoja aliyeendesha malori miaka mingi katika milima hiyo alitueleza kwamba mtu anapaswa kushuka kwa "gia kubwa". Kijana aliyekuwa karibu nasi akashangaa, akasema gia kubwa si ndiyo ya tano? Kwa mzee, ukubwa ni wa nguvu, na gia kubwa ni ya kwanza au ya pili. Kwa kijana, ukubwa ni wa namba. Wote wawili wanazungumza Kiswahili fasaha. Wote wawili wangepita mtihani wowote wa lugha. Na kijana akilifuata shauri la mzee kama alivyolielewa, atajikuta katika kona za Mbaga injini ikiwa haimshiki, amebaki na pedali peke yake. "Gia nzito" na "gia nyepesi" hazina utata huo, kwa kuwa hakuna amwitaye wa tano mzito. Tungeomba mabango ya barabarani, vitabu vya mafunzo na walimu wa udereva waachane kabisa na "kubwa" na "ndogo" katika jambo hili.

Sasa mapendekezo yetu. Kwanza, kifaa chenyewe kiitwe diski ya breki. Tumesikia wengine wakipenda "sahani ya breki" kwa kuwa ni neno la nyumbani. Kanuni ya kutazama kwanza ndani ya Kiswahili ni njema, nasi tunaitetea daima, lakini si amri ya kufukuza neno ambalo limekwisha kukaa. Diski iko midomoni mwa kila fundi kutoka Tanga hadi Kigoma. Isitoshe, wapo waiitao sahani ile ya klachi, na vitu viwili vya gari moja visigombee jina moja. "Rota" nayo ni ya vitabuni tu, tena huchanganywa na ile ya mota ya umeme.

Pili, pale diski inapozunguka bila kukaa wima tuseme diski inayumba, na jina lake liwe kuyumba kwa diski. Tulifikiria "kucheza", tukaliacha. Mafundi hulitumia neno hilo kwa kitu kilicholegea, kama gurudumu ambalo beringi zake zimekwisha, na diski inayoyumba yaweza kuwa imekazwa kwelikweli. Tatu, ile tofauti ya maikromita iitwe unene usio sawa. Halina urembo, lakini mwenye kulisikia hujua papo hapo apime nini. Nne, dutu ya pedi inayobaki juu ya chuma iitwe utando wa pedi, na ukiharibika tuseme diski imeingia mabaka. Hilo la mabaka hatukulitunga sisi. Ni yule fundi wa Same, aliyekuwa akitucheka, aliyeigeuza diski juani akasema, "Kumbe ina mabaka kama ngozi ya mgonjwa." Tano, lile lalamiko la dereva kabla ya kupimwa kitu chochote liitwe mtetemo wa breki, neno lisilomhukumu mtu. "Kupinda" libaki kwa diski iliyopinda kweli, siku itakapoonekana.

Tutaambiwa kwamba maneno matano badala ya moja ni mzigo. Jibu letu ni kuyajaribu kazini. Tazama jinsi shauri la kukinga diski za gari livutalo linavyoweza kuandikwa kwa maneno hayo, hata likabandikwa ukutani. Ili diski isiyumbe, fundi ausugue uso wa hubu mpaka uwe safi, kisha akaze nati kwa kuvuka, ya juu halafu ya chini, kwa awamu mbili, kwa spana yenye kipimo, azikague tena baada ya kilomita 100 hivi. Ili utando wa pedi uenee sawasawa, pedi mpya zizoezwe kabla ya kubebeshwa mzigo: dereva apunguze mwendo mara kadhaa kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 20, bila kusimama kabisa, akiziacha zipoe kidogo kati ya mara moja na nyingine. Ili diski isiingie mabaka, dereva aingize gia nzito kabla ya mteremko na si katikati yake. Akanyage breki kwa nguvu kwa muda mfupi kisha aachie, asiburuze mguu juu ya pedali kutoka kileleni hadi bondeni. Na afikapo njia panda ya barabara kuu diski zikiwa za moto, asiubane mguu pale akingoja nafasi, bali aache nafasi mbele na kuliacha gari lisogee kidogo kidogo, au, kama kusimama ni kurefu na mahali ni tambarare, aweke jiwe chini ya gurudumu na kuachia pedali. Wala asimwagie diski maji ya baridi. Mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili, maana hufyonza unyevu wa hewa na kisha huchemka upesi. Na tela lenye uzito lipewe breki zake. Ondoa hayo maneno matano, rudisha "kupinda", na sehemu kubwa ya shauri hili haitaweza kuandikwa, kwa kuwa mtu hawezi kukingwa na sababu isiyo na jina.

Limebaki jambo moja ambalo hatukulimaliza. Joto likizidi sana mteremkoni, breki hupunguza nguvu hata kama hakuna kilichovunjika wala mafuta yaliyovuja. Zikiachwa zipoe hurudi. Taarifa za ajali hulitia jambo hilo katika kapu moja na mengine yote kwa kusema "gari lilifeli breki", na kwa neno hilo bomba lililopasuka, mafuta yaliyochemka na pedi zilizozidiwa na joto vyote huwa kitu kimoja. Wengine husema breki "zimelegea", lakini kulegea hakurudi kwenyewe bila spana. Madereva wawili wa magari ya tangawizi walitupa neno ambalo hatukulitarajia. Walisema breki "imechoka". Kilichochoka hupumzishwa, na kilichokatika hutengenezwa. Tofauti hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiitafuta. Shaka yetu ni kwamba mafundi wengine husema kifaa kimechoka wakimaanisha kimezeeka. Tunalileta neno hilo kwa wasomaji, hasa walio katika sehemu za milima, watueleze linavyotumika kwao kabla halijapelekwa mbele.